Mwalimu wa Taipu na Wageni wa Kompyuta Yangu

Taabu yangu ilianza mwaka wa 2007, nikiwa na miaka hamsini na sita. Wanaonijua watasema nadanganya. Watasema: huyu aliacha shule darasa la tatu, akawa taniboi, yaani utingo wa lori, akabeba udongo mweupe wa machimbo ya Kariandusi miaka na mikaka, akirudi nyumbani jioni mbwa wake mwenyewe wanambwekea kwa sababu anafanana na mzimu. Kweli. Lakini ile haikuwa taabu. Ile ilikuwa kazi, na kazi nilikuwa naiweza. Taabu ni kitu usichokiweza kikiwa ndani ya nyumba yako, kinakutazama. Yangu niliinunua mwenyewe, ikaletwa kwa katoni, nikaiweka juu ya kaunta ya duka langu na kuifunika kwa kitambaa kilichofumwa na mke wangu.

Nilikuwa nimenunua kompyuta.

Lakini sikukaa chini kuandika habari za kompyuta. Za kompyuta wako wengi wa kuziandika, na wengi wao hawajawahi kubeba gunia. Naandika habari za Mwalimu wa Taipu, kwa sababu watu wa siku hizi wakipita pale mjini Nakuru hawajui kwamba alikuwepo, na mimi sipendi.

Jina lake nalijua. Sitaliandika, maana hakuna aliyelitumia. Hata padri akigawa zamu za kusoma kanisani alisema "na Jumapili ijayo ni Mwalimu," na walimu wengine wote waliokuwa wamekaa pale walijua si wao. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, aliolewa au hakuolewa, sikumuuliza. Mimi nikikutana na mtu nataka kujua anafanya nini na anafanyaje. Hayo mengine yatasomwa siku ya matanga.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta ya kijani, jua liwake au mvua inyeshe, na sketi ndefu, na chini ya sketi raba za kukimbilia. Miwani ilining'inia shingoni kwa kamba ya viatu. Ukizungumza naye, vidole vyake vilikuwa vinachapa maneno yako juu ya chochote kilicho karibu: meza, goti, gunia. Mara ya kwanza unaona ni dharau. Baadaye unazoea. Halafu siku moja unagundua jambo: ukisema uongo, vidole vinasimama. Nimewahi kumwona mtu mzima, mfanyabiashara, akibadilisha hadithi yake katikati kwa sababu tu vidole vya Mwalimu vilikuwa vimetulia juu ya kaunta yangu.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la mzee mmoja Mhindi. Pale aliwafundisha wasichana wa Nakuru kuchapa tangu zamani za mashine za chuma, mpaka kompyuta zilipoingia. Aliwafunika mikono kwa leso ili wasitazame herufi, na aliyechungulia alipigwa rula, si sana. Mashine ishirini zikipiga pamoja, duka la chini lilitikisika, na yule mzee alikuwa anagonga dari kwa rula yake ya mbao ya kupimia vitambaa. Mwalimu naye alijibu kwa kupiga sakafu kwa raba. Waligombana hivyo miaka mingi bila kutamkiana neno baya. Kila Diwali mzee alipandisha sahani ya peremende, na kila Krismasi Mwalimu aliteremsha trei ya mayai ya kuku wake. Yule mzee hakuwa anakula mayai. Aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa askari wa mlango. Mwalimu alijua. Aliendelea kupeleka.

"Kwa nini humpelekei kitu anachokula?" nilimuuliza.

"Askari atakula nini?" akasema.

Mwaka wa 2008 ukielekea kuisha, Mwalimu alifunga chumba akahamia Subukia kwa dada yake. Niliambiwa kwamba wiki ile ya kwanza mzee wa vitambaa aligonga dari, akangoja, halafu akapanda ngazi polepole kwenda kuangalia, ingawa yeye mwenyewe ndiye alikuwa amembebea sanduku mpaka kwenye gari.

Mwalimu alikuwa na misemo, na mingine alinichapa nayo usoni. "Mashine haichoki, inachoshwa." Huo alikuwa nao kila siku. Mwingine: "Haraka si mbio. Haraka ni kutorudi nyuma." Huu aliwaambia wasichana waliochapa kwa kasi na kufuta kwa kasi. Na mmoja alioupenda kuliko yote, ambao mimi sikuupenda: "Mwenye sauti kubwa hajui aanzie wapi." Alikuwa akiusema mimi nikiwepo, akitazama dirishani.

Sasa nirudi kwenye taabu.

Duka langu lilikuwa la chakula cha mifugo, kwenye barabara ya kwenda Subukia. Dairy meal, pumba, chumvi ya ng'ombe, chakula cha kuku. Nililianza na toroli. Uti wa mgongo wa duka hilo ulikuwa kikundi cha wafugaji wa Kabazi. Pikapu yao ilileta maziwa mjini alfajiri, na ikirudi ilipitia kwangu kubeba chakula. Nikiwakosa wao, magunia mengine yote niliyouza yalikuwa ya kujifariji. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa roho, na ndiye alikuja kuniambia kwamba wanachama wanataka risiti za mashine. Za mkono zilikuwa zinawagombanisha kwenye mikutano: huyu anasema hapa ni moja, yule anasema ni saba.

"Mzee, muuza chakula mwenzako pale ng'ambo ya barabara ana kompyuta," akasema.

Basi nikanunua. Ningefanya nini?

Miezi ya kwanza ilikuwa harusi. Unabonyeza, inaamka, printa inalia, risiti inatoka. Halafu ikaanza kuzembea. Unabonyeza, inaonyesha picha ya majani ya kijani, inasimama. Unangoja. Kale kasaa kadogo kanazunguka. Kabazi wako nje, pikapu inanguruma, ng'ombe wao huko nyumbani wanalia njaa, na mimi nimesimama mbele ya picha ya majani ambayo hata ng'ombe hawawezi kula.

Mimi ni mtu wa malori. Lori la zamani asubuhi ya baridi halikimbizwi. Unaliwasha, unaliacha lipate moto, unakunywa chai. Nikasema, hii nayo ni injini. Nikawa nafika dukani giza halijatoka, naiwasha, naifunika kitambaa ili joto lisipotee, nangoja. Binti yangu Nyambura, ambaye ndiye alikuwa anachapa risiti, alikuja siku moja akakuta kitambaa kimefunika mpaka mgongo wa mashine.

"Baba, unaipikia ugali?"

"Naipasha moto."

"Baba, hii haitaki moto. Hii inataka baridi!"

Tukagombana. Aliondoa kitambaa, mashine ikabaki vile vile. Ndipo mama mwenyekiti aliponiita kando, karibu na magunia, kwa ile sauti yake ya maziwa mtindi.

"Mzee, mimi sikuongelei kwa ubaya. Lakini jua likinipata tena hapa likiwa juu ya yale mabati ya duka la ng'ambo, kesho yake tutaenda ng'ambo. Wanachama wameshasema."

Nilijibu kwa kiburi, maana ndiyo lugha yangu. Lakini usiku ule sikula. Na asubuhi nikamtuma Nyambura amwite Mwalimu wa Taipu.

Alikuja saa tano. Alikuwa amesema saa tatu. Hili lazima niliseme: mwanamke aliyewapiga wengine rula kwa kuchelewa hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Aliingia, hakuomba msamaha, akavuta stuli.

"Izime. Halafu iwashe. Na mniletee chai."

Hakuigusa. Alikaa mbali kidogo, kama daktari wa ng'ombe anayemtazama ng'ombe akitembea kwanza. Chai ikaja, akainywa ikaisha. Majani ya kijani yakatokea. Akaangalia kona ya chini ya skrini, pale penye saa, akaivaa miwani.

"Mzee, hawa ni nani?"

"Akina nani?"

"Hawa waliopanga laini hapa karibu na saa. Tazama, wanazidi kuingia."

"Si ni wa kompyuta."

"Hapana. Kompyuta haikuzaliwa na hawa. Hawa wamekaribishwa."

Nyambura akacheka akiwa amejifunika mdomo. "Mwalimu, ni Baba. Kitu chochote kikiuliza, anabonyeza Yes."

"Sasa nifanyeje?" nikasema. "Mtu amekuja mwenyewe, amesimama mlangoni, anauliza kwa heshima, ati unataka nikusaidie hivi? Nimwambie hapana? Mimi sikulelewa hivyo. Kwetu mtu akibisha hodi anaambiwa karibu."

Vidole vya Mwalimu vilikuwa vinachapa juu ya goti, tapa tapa tapa, kwa hivyo alijua nasema kweli. "Na wote wanalala hapa?" akauliza.

"Wanalala wapi tena?"

"Na asubuhi wote wanataka chai kwa wakati mmoja, kabla mwenye nyumba hajavaa hata kiatu." Akasogeza stuli. "Kaa hapa. Utawatambua wewe mwenyewe. Mimi siwezi kuuliza wageni wako maswali."

Akanionyesha pa kubonyeza: Start, halafu Run, halafu nichape neno moja, msconfig, neno ambalo mpaka leo sijui ni kabila gani. Nilichapa kwa kidole kimoja na yeye akafumba macho ili asione. Kisanduku kikatokea. Akaniambia niende kwenye sehemu iliyoandikwa Startup. Pale palikuwa na orodha ya majina, kila jina na tiki yake kando, na kila tiki maana yake ni kwamba huyo anaamka pamoja na mashine.

Ndugu zangu, ilikuwa kama kuingia stoo na kukuta ukoo mzima.

Antivirus zilikuwa tatu. Kila kijana aliyewahi kuingia na flashi yake kuniuliza "niaje mzee, una ulinzi?" alikuwa ameniwekea moja. Mwalimu akaeleza kwamba walinzi watatu kwenye lango moja hawalindi, wanachungana wao kwa wao. Kulikuwa na moja ya kutumia kamera. Sikuwa na kamera. Kulikuwa na moja ya printa niliyokwisha kuuza. Kulikuwa na mbili za kupiga gumzo na watu wa mbali, na mimi watu wangu wote wako hapa karibu, Bahati. Kulikuwa na moja ambayo kazi yake ni kuzunguka ikiwauliza wenzake kama wana jambo jipya. Na moja ya kutabiri hali ya hewa ya mji fulani wa Ulaya. Hiyo nilikuwa naijua. Kila asubuhi ilikuwa inaniambia kuna theluji, nivae vizuri.

"Hii usitoe," nikasema. "Hii ina adabu."

"Simtoi mtu," akasema Mwalimu. "Sikiza vizuri, hapa ndipo watu hukosea. Ukiondoa tiki, hujamfukuza. Bado yumo ndani. Umemwambia tu aendelee kulala, ukimtaka utamgusa mwenyewe. Walinzi wawili ndio watakwenda kabisa, hao nitawatoa kwa mlango mwingine. Sasa tuanze. Huyu wa kamera, anafanya nini kwako asubuhi?"

"Hakuna."

"Alale."

Tukaenda hivyo, mmoja mmoja. Kila tukilaza wachache tunazima na kuwasha, tunaangalia kama mashine imenung'unika. Mahali pengine alisimama kabisa. "Huyu simjui," akasema, akamwacha na tiki yake. Nikamwambia amtoe tu, nchi ni yetu. Akanitazama juu ya miwani. "Mzee, usiyemjua humgusi mpaka ujue amebeba nini."

Alipomaliza, mashine iliamka kabla birika halijachemka. Alisema pia, bila kunibembeleza, kwamba kumbukumbu yake ni ndogo na siku moja nitahitaji kuiongezea, nisije nikasema hakuniambia. Mimi sikuwa nasikia. Nilikuwa nimesimama katikati ya duka nikiwa mfalme.

Na mfalme akafanya alichofanya. Jioni ile, Nyambura akiwa ameenda, nilirudi pale kwenye msconfig. Neno nilikuwa nimelishika. Nikasema, ikiwa kulaza wachache kumeipa mbio hii, nikiwalaza wote itakuwa ndege. Niliondoa tiki zote. Hata ya yule ambaye Mwalimu alisema hamjui. Nilizipiga kama mtu anayefagia stoo baada ya mavuno, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Asubuhi mashine iliamka kama risasi. Nikamwita mama mwenyekiti aingie aone. "Njoo mama, njoo uone maajabu." Akaingia. Nyambura akafungua programu ya risiti. Haikufunguka. Akajaribu tena. Haikufunguka.

"Baba," akasema polepole, "uligusa nini?"

"Nini kinaonyesha nimegusa?"

Mama mwenyekiti alitoka nje akaangalia mabati ya ng'ambo, pale jua linapofika. Nyambura alipanda bodaboda ya baiskeli kumfuata Mwalimu, na Mwalimu, siku hiyo peke yake katika maisha yake, alifika mapema. Alikuwa ameshika kipande cha mkate. Alikaa, akafungua orodha, akaona jangwa.

"Umewalaza wote."

"Nilitaka iende mbio."

"Imeenda mbio. Haijabeba kitu." Akarudisha tiki moja, akaigonga skrini kwa ukucha. "Huyu ndiye anashika magunia yote ya programu yako ya risiti. Bila yeye hakuna bei, hakuna jina, hakuna risiti. Wewe umelaza mpishi pamoja na wageni."

Tukazima, tukawasha, printa ikalia. Kabazi wakabeba magunia yao. Mama mwenyekiti akapokea risiti akaikunja, akaiweka kifuani, akaniambia, "Leo nimekuhesabia siku ya kuugua."

Hivyo ndivyo Mwalimu alivyookoa duka langu mwaka ule, na hivyo ndivyo alivyofanya kwa nusu ya maduka ya Nakuru. Alikuwa anaitwa kila mahali. Kwa mawakili, kwa wauza vipuri, kwa shule. Alikuwa anakunywa chai mashine ikiamka, halafu analaza wageni. Mtu angedhani basi mashine yake mwenyewe, kule juu ya duka la vitambaa, ilikuwa upepo.

Ilikuwa konokono. Niliiona kwa macho yangu. Chini karibu na saa palikuwa na msongamano kama stendi siku ya kufunga shule. Samaki walikuwa wanaogelea kwenye skrini. Kengele ililia kila nusu saa na haikuwa saa ya mtu yeyote. Nikamwambia, Mwalimu, hii ni nini, wewe si unatuhubiria?

"Hawa samaki aliniwekea msichana wa darasa langu la kwanza la kompyuta. Kengele ni ya mwingine, sasa yuko Eldoret. Kila anayemaliza ananiachia kitu."

"Lakini inachelewa."

"Ichelewe. Ikiamka haraka nitakunywa chai saa ngapi?"

Na vidole vyake vilikuwa vinachapa, kwa hivyo sikubishana.

Januari ya 2008, ile ya ghasia za baada ya uchaguzi, sitaieleza. Waliokuwa Nakuru wanajua, na wasiokuwepo hawatajua kwa karatasi yangu. Nitasema tu kwamba familia mbili kutoka upande wa Molo zililala katika kile chumba cha ghorofani, kati ya meza za kuchapia, kwa wiki kadhaa. Mwalimu aliwalalamikia kila siku. Makombo ya mkate kwenye kibodi. Watoto kubonyeza mashine za chuma na kuzikwamisha. Nguo kuanikwa juu ya monita. Mzee wa vitambaa alileta mablanketi mawili na hakugonga dari hata mara moja, ingawa watoto walikuwa wanakimbia juu yake kama panya. Siku walipopata lori la kuwarudisha kwa jamaa zao, Mwalimu alifagia makombo yote, akakaa, akalia mpaka wasichana wakaogopa. Halafu akawapigia kelele wafunike mikono waendelee kuchapa.

Mara yangu ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huo huo, muda mfupi kabla hajahamia Subukia. Duka lilikuwa limefufuka, barabara imetulia, Kabazi wanakuja. Lakini foleni ilikuwa imerudi. Kila asubuhi watu wamesimama mpaka nje, pikapu inanguruma, na mama mwenyekiti ameanza tena kutazama mabati. Siku hiyo alikuwa ameniambia wazi: "Mzee, hii ni wiki ya mwisho. Ng'ombe hawali subira." Nami nilikuwa nimelaumu mashine, nikaapa kununua nyingine.

Sikumwona Mwalimu akiingia. Alikuwa amekuja kununua chakula cha kuku, akapanga foleni kama mtu yeyote, nyuma ya magunia ya pumba. Mimi nilikuwa kazini. Na mimi nikiwa kazini nafanya kazi. Kila anayeingia namsalimu na kumuuliza ng'ombe wake kwa jina. Bei naitaja mimi, hata kama iko kwenye mashine, kwa sababu bei ikitoka mdomoni mwa mwenye duka ina uzito. Gunia haliendi garini kabla sijaliinua kwa mikono hii nione kama halijapunjwa. Stoo ilifunguliwa kwa funguo zangu na kufungwa kwa funguo zangu, gunia kwa gunia. Na dereva akitaka kuondoka, nilizunguka pikapu nikagonga magurudumu kwa mguu, maana vijana wa siku hizi hawajui upepo.

Nilikuwa nimeinama kwenye gurudumu la nyuma la Kabazi niliposikia ile sauti.

"Nyambura! Mashine imeamka?"

"Imeamka zamani, Mwalimu. Kabla hatujafungua mlango."

"Printa iko sawa?"

"Iko sawa."

"Basi hapa tunamngoja nani?"

Nyambura aliangalia kibodi. Mama mwenyekiti aliangalia mabati. Watu wa foleni waliangalia viatu vyao. Dereva wa pikapu aliniangalia mimi, kwa sababu ni kijana na hakufunzwa adabu.

Nikasimama wima. "Mimi ndiye mwenye duka!"

"Ndiyo," akasema Mwalimu. "Nani amekataa?"

"Nimelianza na toroli!"

"Tunajua. Hata mimi ulinipitia na toroli." Alikuwa amesogea mpaka kwangu, mfupi, sweta ya kijani, vidole vikichapa juu ya gunia. "Lakini mzee, mlango ukiamka unaamka nao. Bei, wewe. Gunia, wewe. Stoo, wewe. Hata gurudumu la gari la watu. Nyambura anajua bei?"

"Anajua."

"Anajua gunia lililopunjwa?"

"Nimemfundisha mwenyewe."

"Basi kesho kaa nyumbani mpaka uitwe."

Watu walicheka. Dereva alicheka sana. Sikucheka. Niseme ukweli kama nilivyousema pale, na vidole vyake havikusimama: nilimuuliza kwa sauti ya chini, "Na nisipoitwa?"

Aliishusha miwani, ikaning'inia kwa kamba yake.

"Ukikaa mpaka saa nne bila kuitwa," akasema, "basi ujue umejenga duka. Wengine hujenga kiti tu. Sasa nipe chakula changu, kuku wangu hawajui wewe ni nani."

Sikumkubalia. Hata leo sikubali yote, hasa ya magurudumu. Lakini nilimpa Nyambura funguo mbele ya watu wote, nikazitupa kidogo juu ya kaunta ili ionekane ni wazo langu. Mwalimu alibeba mfuko wake wa chakula cha kuku akaondoka na raba zake. Sikumwona tena.

Kesho yake nilikaa nyumbani. Nyumba yangu iko juu kidogo ya duka, barabara ile ile ya Subukia. Nilioga, nikavaa, nikakaa barazani na viatu vimefungwa kamba, simu mkononi. Mke wangu alinitazama akasema, "Kwani leo unaenda matanga?" Simu haikulia. Jua halijafika popote nikasikia gari likipanda mlima. Mimi nimekaa kwenye malori zaidi ya nilivyokaa kwenye viti. Gari tupu lina sauti yake, na lililobeba lina yake. Hili lilikuwa gia ya pili, linahema, chini kabisa kwenye springi. Pikapu ya Kabazi ikapita mbele ya lango langu imejaa mpaka juu. Mama mwenyekiti aliinua mkono.

Simu haikulia mpaka saa nne. Wala baada ya saa nne.

Leo nina nyumba ya mawe yenye vyumba vitano. Nina ng'ombe wa maziwa wanne, na ndama mmoja. Nina shamba la ekari mbili upande wa Kabazi, lenye mahindi na nyasi za ng'ombe. Nina lori moja la zamani ambalo halitembei na haliuzwi. Nina mke mmoja. Duka ni la Nyambura. Nikihitaji dairy meal nateremka na toroli, napanga foleni kama wengine, na foleni ni fupi.